Vikao vya maoni vya kaunti: nimejaribu ukumbini, Zoom na mseto

Mimi ni fundi cherehani katika soko moja huku magharibi mwa Kenya. Jina la kaunti nitalimeza, maana leseni yangu inatoka kwao. Ushuru wa kibanda na ada za biashara hujadiliwa katika vikao hivi vya maoni ya umma, kwa hiyo naona nina haki ya kuwagawia nyota.

Zoom niliijua 2020, corona ilipopiga marufuku mikusanyiko. Linki ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la soko. Wakati huo nilikuwa nashona barakoa usiku na mchana, basi nikaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, mguu kwenye pedeli, sikio kwa waheshimiwa. Raha iliyoje! Ukumbini ningefunga kibanda kutwa nzima, nilipe boda kwenda na kurudi, nikae kumsubiri mgeni wa heshima wa saa tatu anayefika saa sita. Tena mtandaoni hakuna soda, mkate wala ile bahasha ya "nauli", kwa hiyo aliyekuja alikuja na neno. Tulikuwa wachache, lakini hapakuwa na wapiga makofi wa kuletwa kwa matatu.

Siku tuliyofika ukurasa wa vibanda katika Mswada wa Fedha, ule unaopanga ushuru na ada, picha ikapotea. Nikadhani ni stima. Kumbe walikuwa wakitumia akaunti ya bure, ile inayokatika baada ya dakika 40. Kaunti nzima! Tuliporudi hewani walikuwa wameshahamia ada za maegesho, na mimi gari sina. Jirani yangu muuza mboga hakuingia kabisa. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyobeba Zoom. Nyota tatu.

Ukumbini ni nne, pamoja na kero zake zote. Sheria inataka makadirio ya bajeti yafikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hiyo vikao hurundikana mvua ya masika ikiwa imepamba moto. Unafika viatu vimekuwa tope, na nyumbani umeacha sare za shule hazijapigwa pasi. Lakini pale mama mzee husimama akasema kwa lugha ya kwao na mtu akamtafsiria. Na afisa akikwepa swali, mnung'uniko unapita kiti hadi kiti mpaka alirudie. Zoom angebonyeza kitufe kimoja tu, kimya kikatanda.

Mseto, yaani ukumbi na Zoom kwa wakati mmoja, ndio ulionichosha. Tuliahidiwa mazuri ya pande zote mbili, tukapewa laputopu iliyotazama dari. Kwa saa nzima nilitazama feni ikizunguka na kusikia watu wakicheka jambo nisilolijua. Niliandika swali langu mara tatu, hakuna aliyelisoma. Baadaye nikaomba kumbukumbu za kikao. Sisi wa mtandaoni tuliandikwa kama idadi, maoni hakuna hata moja. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki, na nijuavyo mimi kuhesabiwa vichwa si kushiriki. Nyota moja.

Ila nisiwaonee. Mwaka jana walimkalisha kijana mmoja karibu na kipaza sauti, kazi yake ikawa kusoma ujumbe wa mtandaoni kila wazungumzaji watatu wa ukumbini wakimaliza. Hakukununuliwa mtambo wowote. Nilisikia jina langu na hoja yangu ya choo cha soko ikisomwa huku nikitia uzi kwenye sindano, na afisa akaijibu papo hapo. Kikao hicho peke yake nakipa nne na nusu. Nusu nimeibakiza kwa sababu mswada wenyewe tulitumiwa saa mbili usiku wa kuamkia kikao, kurasa tele, kwa Kiingereza.

Siku hizi habari za kawaida nazifuata kwa simu nikiwa kazini. Ukija Mswada wa Fedha nafunga kibanda, navaa gambuti, naenda. Popote ninapokaa, maoni yangu nayapeleka pia kwa karatasi, nakala mbili, nasimama pale dirishani mpaka wagonge mhuri. Yangu iko kwenye droo ya cherehani, chini ya mkasi.