Nimeiondoa antivairasi ya kulipia, nimebaki na Microsoft Defender

Kwa miezi kadhaa kompyuta yangu ilichukua karibu dakika 4 tangu niiwashe hadi niweze kufungua faili. Nilidhani diski imechoka. Siku moja nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, nikatazama orodha ya programu zinazojiwasha: antivairasi niliyoilipia ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Kila asubuhi ilikuwa inakagua diski nzima! Kuizima kwenye orodha ile hakukusaidia, kwa sababu huduma zake huamka pamoja na Windows. Nikaifuta kwa zana ya watengenezaji wenyewe, maana njia ya kawaida mara nyingi huacha mabaki.

Baada ya kuwasha upya, Defender ikashika zamu bila kuambiwa. Imo ndani ya Windows 10 na 11, na hujizima tu ikikuta antivairasi nyingine. Sasa nasubiri sekunde 50 hivi, na vile vidirisha vya kunisihi nilipie zaidi vimekoma. Raha niliyokuwa nimeisahau.

Kasoro ipo: ukaguzi wake kamili huielemea kompyuta, hivyo nimeupangia saa ya chakula cha mchana, nikiwa mbali na meza.