JustinGuitar: gitaa unalijua bila kusoma nota (zile alama za muziki za kwenye karatasi), na ni bure

Kama una gitaa limekaa tu ukutani kwa sababu mtu alikwambia bila kusoma nota hutoboi, ingia JustinGuitar. Ni kozi ya Justin Sandercoe, jamaa wa Tasmania kule Australia, na masomo ya mwanzo kwenye tovuti yake ni bure kweli, sio ile bure ya kukuonjesha afu mlango unafungwa. App ya simu ndo ina vitu vya kulipia ila mi natumia tovuti tu na inanitosha.

Mwanzoni nota hakupi. Anakupa kijiboksi cha kodi (chord, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja): mistari sita ya kusimama ndo nyuzi, ya kulala ndo freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa), vidoti ndo pa kukandamiza, namba inakwambia kidole gani (1 ni cha shahada), ukiona X uzi huo usiupige, basi. Unaanza na kodi za D, A na E na hapo ndo nikajua huyu mtu anajua kufundisha, maana vidole vya A kavipanga kivyake, cha shahada anakiweka uzi wa tatu kuhesabu kutoka ule mwembamba, freti ya pili, ukihamia D kinabaki palepale hakinyanyuki, ukienda E kinateleza tu kurudi freti ya kwanza kwenye uzi uleule. Chati nyingi mtandaoni zinaipanga A kwa vidole 1, 2, 3 mfululizo, matokeo yake unanyanyua mkono mzima kila ukibadilisha na wimbo unakatika.

Kuna zoezi la dakika moja pia, weka saa ya simu, toka D nenda A urudi, hesabu umebadilisha mara ngapi, andika. Linachosha jamani lakini ndo linajenga mkono.

Mbele unakutana na tabulecha, mistari sita ya kulala, uzi mnene uko chini, namba ni freti, 0 uzi unapigwa bila kukandamizwa. Ni rahisi ila nyingi za mtandaoni hazisemi sauti ikae muda gani, na hapo ndo nota inaizidi tabulecha. Kwa hiyo anza na wimbo ambao tayari unauimba ukiosha vyombo, muda utautoa kichwani.

Sasa kwa sisi wa rumba na zilizopendwa, anafundisha kwa Kiingereza na nyimbo zake ni za Uingereza na Marekani zaidi, upigaji wa mkono wa kulia wa huku kwetu hutaupata pale. Msikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga kule Kongo, yule aliyerekodiwa 1952 na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, dole gumba linashika besi na cha shahada kinaimba juu, gitaa moja unadhani wako wawili! Au Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, magitaa ya rizimu, mi-solo (la katikati) na solo yanavyopishana bila kugongana. Hiyo inatafutwa kwa sikio, weka YouTube spidi 0.5 au 0.75, wimbo unapungua mwendo tu, sauti haigeuki kuwa nzito, kamata kipande kidogo kimoja kirudie mpaka kikae ndo uende kingine. Ukiwa umeshapita kozi hii vidole vya kushoto havikusumbui tena, unabaki na kazi ya kusikiliza na kuuzoesha mkono wa kulia.

Anayetaka kupiga kanisani au na washkaji inamtosha kabisa. Anayewekewa karatasi ya nota mbele atafute mwalimu. Na bando lisikutishe, shusha ubora wa video hadi 360p, vidole vinaonekana vizuri tu.