Duka la Newala linalokopesha kwa shilingi, si kwa kilo za korosho

Ukishuka stendi ya Newala, ulizia duka la jumla na rejareja la yule mama aliyekuwa akitembeza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Bodaboda yeyote atakufikisha. Jina lake silitaji kwa kuwa hapendi kuandikwa. Nimekuwa mteja wake tangu ana meza ya mbao na mwavuli. Mchele, sukari, hamira na iliki za vitumbua ninavyouza asubuhi natoa kwake, kwa hiyo robo ya sukari isipokuwa robo kweli, hasara ni yangu.

Nianze na mzani. Uko juu ya kaunta, uso umegeuziwa mteja, na una stika ya Wakala wa Vipimo. Vijana wake hawaruhusiwi kupima huku wamekupa mgongo. Mafuta ya kula yanajazwa mpaka ukingoni mwa kipimo, na kijana anangoja tone la mwisho lidondoke kwenye chupa yako. Sukari ya nusu robo ipo, na kipande cha sabuni ya mche utakatiwa. Maduka mengi yakishafika kwenye katoni humwona mnunuzi wa mia mbili kama usumbufu. Hapa foleni ni moja tu, na mwenye katoni anamngoja bibi mwenye kipande chake.

Hayo aliyajifunza upande wa pili wa kaunta. Mama yake alikuwa akichimba ming'oko porini na kuichemsha, naye akiipanga kwenye sinia na kuitembeza stendi pamoja na chumvi na pilipili. Jioni walinunua mafuta ya koroboi kwa kifuniko. Aliniambia muuzaji alikuwa akijaza nusu, nao wakanyamaza, maana angewanyima hata hiyo nusu. Kutoka kwenye sinia akaingia kwenye dagaa, akaweka meza, akajiunga na kikoba. Kikoba kilipovunjwa alinunua gunia moja la sukari akaliuza robo robo. Baadaye tajiri mmoja wa Masasi akampa mali kauli, naye akapeleka fedha siku ileile aliyoahidi. Kwa mwendo huo huo wa gunia na ahadi, meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka.

Ila kilichonifanya niandike ni daftari lake la madeni.

Huku kwetu miezi ya kupalilia na kupuliza salfa mikorosho ndiyo miezi ya mfuko mtupu. Mwenye duka anayetaka utajiri wa haraka njia anaijua: kangomba. Anakupa unga na fedha ya sare za mtoto, wewe unaahidi kilo za korosho ambazo bado ni maua. Minada ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Tandahimba na Newala, ikianza Oktoba, bei uliyoihangaikia mwaka mzima anaichukua yeye. Serikali imepiga marufuku, lakini nimeona familia zikivuna msimu mzima bila kupeleka hata gunia moja kwenye ghala la chama cha msingi. Naichukia kangomba kwa moyo wangu wote.

Mama huyu anakopesha kwa shilingi. Sukari ya elfu tatu ni deni la elfu tatu, korosho ipande au ishuke. Unasaini, unapewa karatasi yako, na ukifika kikomo hakuongezei hata ukilia. Msimu wa 2018, serikali ilipoingia kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengi yakachelewa, daftari lilijaa na rafu zikabaki na chumvi na viberiti. Alishauriwa ajilipe kwa korosho za msimu unaofuata, akakataa. Aliuza pikipiki ya duka akaanza tena kuleta mzigo kidogo kidogo. Watu walipopata fedha zao walikuja kulipa wenyewe, nami nilikuwa mmoja wao.

Mei 2024 pia, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar huko Kilwa, alipunguza kiasi cha sukari kwa kila mtu lakini bei hakuigusa.

Kasoro zipo. Sabuni ya unga imepangwa karibu mno na unga wa ngano, na mara moja chapati zangu zilinukia sabuni. Nimemwambia, amesogeza kidogo, haitoshi. Ijumaa mchana anafunga na simu haipokelewi mpaka watu watoke msikitini. Anayenunua mchele kwa magunia atapata nafuu zaidi Masasi, ingawa nauli itakula sehemu ya nafuu hiyo.

Usiyetaka foleni nenda kabla ya saa mbili asubuhi. Lipa namba ipo, ila kwa vitu vya nusu robo beba chenji.