Stendi ya shilingi 45,000 mbele ya radi za ziwani: uzoefu wangu

Nilinunua stendi ya kamera ya miguu mitatu pale Makoroboi, Mwanza, kwa shilingi 45,000, na rimoti ya waya ya kubonyezea kamera kwa 15,000. Muuzaji alianzia 70,000 kwa stendi peke yake, tukavutana hadi hapo. Shida yangu ilikuwa kupiga picha radi za usiku nikiwa nyumbani Bwiru. Dirisha la sebule linatazama Ziwa Victoria, na nilikuwa nimechoka kubahatisha na simu: ukiona mwanga ukabonyeza, wenyewe umeshapita. Nina picha za giza tupu zaidi ya mia kwenye simu ile.

Sisi wa huku tumezoea kwamba mchana mvua inapiga nchi kavu, usiku inahamia majini. Ardhi ikipoa, ziwa linabaki na joto lake. Upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea ziwani kutoka kila upande, unakutana huko na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Ndiyo maana saa sita usiku unaweza kuwa hujapata hata tone, lakini upande wa Ukerewe mbingu zinamulika kama mtu anachomelea geti. Baadaye mawingu yanasogea magharibi, na asubuhi watu wa Bukoba wanaamka na mvua.

Jaribio la kweli nililifanya usiku mmoja wa Aprili. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Magu. Ngurumo ya kwanza tu, akafunika kioo cha kabati kwa khanga, akanigeukia: "Baba, hiyo fulana nyekundu ivue." Nikaivua. Siwezi kubishana na mama kwa ajili ya fulana. Mara umeme wa nyumbani ukakatika, na kwa mara ya kwanza nikashukuru, maana giza likiwa ndani na nje, kioo cha dirisha hakirudishi taswira ya sebule, na kumbikumbi hawaji.

Kamera ni Canon ya mtumba. Niliweka ISO 100 (kamera isihisi mwanga kupita kiasi), tundu la lenzi f/8 (uwazi wa wastani), na shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, ikae wazi sekunde 15. Fokasi nikaitoa kwenye otomatiki, kwa sababu gizani inahangaika tu mbele na nyuma, nikailenga kwa mkono kwenye taa ya mbali. Kamera ikawa kwenye kupiga mfululizo, kitufe cha rimoti nikakifunga, basi. Inapiga yenyewe, picha moja baada ya nyingine, na radi ikipasuka inaikuta shata iko wazi. Rimoti hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko stendi.

Stendi sasa. Miguu ni ya aluminiamu, imara kiasi, ila usiinyanyue ile nguzo ya katikati, inatikisika. Chini yake kuna ndoano. Nilitundika kiroba cha mchanga ikatulia. Tatizo ni shingo, pale kamera inapokaa. Ni plastiki, na ukaze hadi kidole kiume, baada ya dakika kumi inainama taratibu kama mzee anayesinzia kanisani. Picha za saa saba kasoro na za saa saba na robo hazilingani, ziwa limepanda hadi katikati. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, na lenzi nikaielekeza juu ya mguu mmojawapo. Haikuinama tena.

Nilipiga picha 212, nimebakiza 7. Mojawapo ina taa za wavuvi wa dagaa upande wa chini. Zile taa zinakaa juu ya vielea na kucheza na mawimbi, kwa hiyo kwa sekunde 15 zimejichora kama mwandiko wa mtoto wa chekechea, halafu juu yake radi imeshuka na matawi matano. Hiyo mama ameondoka nayo Magu.

Muda wote nilikuwa nahesabu kutoka mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ilipofika 28, yaani kilomita 9 na kitu, nikaiacha kamera na kufunga dirisha. Barazani sikutoka kabisa. Wale wanaopanda na stendi ya chuma juu ya mawe ya Capripoint hapa mjini, mimi simo.

Rimoti naipa nyota 5. Stendi 3, na kama lenzi yako ni nzito, 2. Inakuja na kisahani kimoja tu cha kushikilia kamera, na changu kimepata ufa. Nilirudi dukani kuulizia cha akiba, nikaambiwa hakiuzwi peke yake, ninunue stendi nyingine. Sinunui. Nimekipaka gundi, na kimeshika hadi leo.