Bunduki ya kijeshi iliyogeuzwa ya kuwindia: ninavyoikagua kabla ya kuinunua

Nazungumzia zile Mauser 98, Lee-Enfield, Springfield 1903 na M1917 ambazo fundi alizikata mbao, akazifungia darubini na kuzipa kitako cha mwindaji. Nimezitumia na nimezikagua nyingi, na msimamo wangu ni huu: zipo nzuri kweli, ila kitako kinachong'aa hakikuambii kitu. Cha kuangalia ni chuma kilichoondolewa: kiasi gani, na mahali gani. Thamani ya ukusanyaji imekwisha mara mtutu unapofupishwa au risiva inapotobolewa, na hairudi. Kama kilichoguswa ni mbao peke yake, mbao za asili hutafutwa zikarudishwa, na hiyo kwangu ndiyo sababu pekee ya kuongeza hela.

Kwa asiyezoea, risiva ni kile kiwiliwili cha chuma: mtutu umefungwa kwa hesi mbele yake, na boliti, yaani chuma chenye mkono kinachofunga chemba (pale risasi inapokaa) kwa nyuma, inateleza ndani yake. Hapo ndipo naanzia, maana mtutu na kitako hubadilishwa, lakini risiva mbovu haina dawa. Springfield 1903 zenye namba chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield, na chini ya 285,507 kutoka Rock Island, chuma chake kiliunguzwa kilipokuwa kinafuliwa, na baadhi hupasuka kama kigae. Hizo sizinunui kwa kupiga, hata ziwe safi namna gani. M1917 zilizotoka kiwanda cha Eddystone zina tatizo jingine: mitutu ilikazwa mno, hivyo aliyebadilisha mtutu kwa nguvu anaweza kuwa ameacha ufa kwenye pete ya mbele ya risiva, pale mtutu unapoingia. Paka mafuta ya taa kuzunguka pete, subiri dakika kumi na tano, futa hadi pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta hutoka tena na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Mauser nazo risiva zake nyingi ni chuma laini chenye ngozi ngumu kwa nje. Fundi akipitisha tupa au jiwe la kunolea mahali meno ya boliti (vile vinundu vinavyoifunga isirudi nyuma) yanapokaa, "ili ifunge vizuri", ameondoa ile ngozi. Baada ya hapo kila mlipuko hubonyeza meno ndani ya chuma kidogo kidogo. Toa boliti, mulika kwa tochi, pitisha sindano iliyopindwa ncha kwenye ukuta wa nyuma wa nafasi ya meno. Ukuta uwe bapa. Ncha ikitumbukia kwenye kishimo halafu ikagonga ukingo, iache bunduki hapo hapo. Dalili nyingine: rudisha boliti, ifunge bila risasi, kisha inua mkono wake huku unavuta nyuma kidogo. Ikiwa nzito kana kwamba inapanda ngazi, meno yamezama.

Usichanganye pia Mauser 98 na ndugu zake wa 1893, 1895 na 1896. Ile ya 98 ina jino la tatu la usalama karibu na mkono wa boliti, na njia bora za kutolea gesi nje ganda likipasuka. Hizi nyingine hazina jino hilo. Ukikuta 1893 imewekewa chemba ya risasi ya .308, ambayo kikomo chake cha shinikizo ni baa 4,150, fahamu kwamba imepewa kazi kubwa kuliko umri wake. Mimi huipita.

Mkono wa boliti uliopindwa au kuchomelewa ndio huwafanya wengi waone bunduki imependeza. Angalia rangi ya chuma. Buluu ya joto ikiwa imeishia kwenye shina la mkono, sawa. Ikiwa imetambaa hadi kwenye mtelemko unaorudisha pini nyuma, ugumu wa pale umepotea. Mtelemko utachubuka na boliti itakuwa ngumu kufungua. Boliti nyingine hubadilishwa, lakini ukibadilisha ni lazima upime upya hedispesi, yaani nafasi kati ya uso wa boliti na pale risasi inapoegemea.

Sasa matundu ya darubini, mahali ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Hesabu skrubu, zitoe zote, kisha funga na ufungue boliti. Zirudishe moja moja, ukifunga boliti kila mara. Ile ya nyuma kwenye pete ya mbele ya Mauser iko juu ya njia ya jino la juu. Ikiwa ndefu hata kwa nusu milimita, utasikia boliti inakwaruza au inagoma, na ukitazama jino utaona mkwaruzo unaong'aa. Skrubu hufupishwa kwa tupa, hilo si kosa la kuua biashara. Kosa la kuua ni matundu yaliyopinda. Kama darubini imebaki juu yake, zungusha kirekebisho cha kushoto na kulia hadi mwisho wa upande mmoja ukihesabu mizunguko, halafu hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili. Sasa irudishe alipoiacha mwenye bunduki na uone ni mizunguko mingapi kutoka katikati. Ikiwa iko karibu na mwisho, anatumia darubini kufidia matundu. Kwenye M1917 na P14 (ndugu yake wa Kiingereza) tazama pia daraja la nyuma la risiva, pale masikio ya kilengeo yaliposagwa: mara nyingi limesagwa hadi likawa jembamba, na ndani kuna shimo lililofunikwa kwa rangi.

Hedispesi hupimwa kwa geji tu, vipande vya chuma vya vipimo kamili vinavyowekwa kwenye chemba: GO ndiyo fupi, NO-GO ndefu kidogo, FIELD ndefu zaidi. Risasi zenyewe zinatofautiana. Vua pini ya kufyatulia na ile kucha ya kuchomolea ganda, funga boliti kwa vidole viwili. Geji ya GO lazima ifunge, NO-GO isifunge. Ikifunga kwenye NO-GO lakini ikagoma kwenye FIELD, bado hupigwa, bei ishuke. Ikifunga kwenye FIELD, basi. Kwa .303, risasi ya Lee-Enfield, risasi huegemea kwenye ukingo wa kitako chake, na vipimo vya kiraia ni inchi 0.064 hadi 0.070, jeshi lilikubali hadi 0.074. Lee-Enfield No. 4 ina unafuu wake: vichwa vya boliti vina namba kuanzia 0 hadi 3, ukibadilisha kimoja huenda ukarudi kwenye kipimo. SMLE, yaani Lee-Enfield ya kabla ya No. 4, haina namba hizo.

Ndani ya mtutu usidanganywe na giza. Fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) za kijeshi za zamani ziliacha chumvi inayokula chuma, na vishimo vidogo karibu na chemba ni vya kawaida; mingi bado hulenga. Ninachokikataa ni mdomo uliochakaa kwa fimbo ya kusafishia. Chukua risasi isiyo na baruti wala fataki, chomeka kichwa chake mdomoni mwa mtutu: kikizama hadi shingo ya ganda, mdomo umeliwa, na mtutu unahitaji kukatwa tena. Kama chemba ilibadilishwa, mwombe fundi amwage aloi ya kupimia na apime umbo lake. Alama kwenye mtutu si ushahidi. Bunduki za Kijerumani za kabla ya 1905 zinaweza kuwa na mtutu wa kichwa cha takriban milimita 8.1, na risasi ya 8.2 ndani yake ni hatari.

Sefti na kifyatulio jaribu bunduki ikiwa tupu. Vuta mkono, weka sefti, bana kifyatulio kwa nguvu, kiachie, kisha ondoa sefti: pini isiruke. Halafu funga boliti kwa kishindo mara kumi. Ikijifyatua hata mara moja, mtu ametia tupa kwenye kishikio kinachozuia pini ili iwe laini, na hiyo ni kazi ya kurekebisha na siyo ya kusamehe.

Mbao ukague nyuma ya mkia wa risiva tu: mafuta ya miaka mingi hulainisha pale, na nyufa huanzia hapo.

Risasi za kwanza tano hupiga bunduki ikiwa imefungwa kwenye kitanda cha kupigia, kamba ndefu kwenye kifyatulio. Kisha nachukua maganda na kupapasa ndani kwa waya uliopindwa ncha, sentimita moja hivi juu ya kitako cha ganda. Waya ukikwama kwenye mfereji, ganda linataka kukatika, na hapo narudisha bunduki kwa mwenyewe bila kujali geji zilisema nini.