Tulilipa euro 1,900 tuhamie Leipzig bila kuhangaika: tulichopata na tulichokosa

Nianze na hukumu ili wenye haraka waondoke nayo: ukihamia Ujerumani na watoto kwa muda wa mwaka hivi, mlipe wakala akusaidie makaratasi na nyumba, basi. Mengine aliyotuuzia wakala wetu, ama tungeyafanya wenyewe, ama aliyafanya vibaya. Kampuni sitaitaja, kwa sababu binti aliyetuhudumia bado anafanya kazi pale, na karibu mazuri yote nitakayoyaeleza hapa yalitoka mikononi mwake.

Nilipata nafasi ya utafiti ya miezi kumi na mmoja Leipzig, kuanzia Agosti. Tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu, na watoto wa miaka tisa, sita na miwili. Ukitaka kukaa eneo la Schengen, yaani Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi, zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, viza ya matembezi haikufai. Kila mmoja, hata yule wa nepi, anahitaji viza ya taifa ya kukaa muda mrefu, ile yenye herufi D. Nilipoiona orodha ya viambatanisho, mara tano, ndipo nikaanza kutafuta mtu wa kunishika mkono.

Kampuni ilikuwa na vifurushi viwili. Kidogo, cha euro 650, kilikuwa na kukagua hati, kutafuta nyumba yenye samani na kutusindikiza kujiandikisha. Kikubwa, cha euro 1,900, kiliongeza tiketi za treni, orodha ya mavazi, maandalizi ya shule, kikapu cha makaribisho na semina ya saa mbili kuhusu maisha ya Ujerumani. Mume wangu alitaka kidogo. Mimi nikasema na watoto watatu hatubahatishi. Ananikumbusha mpaka leo.

Makaratasi kwanza, maana hapo walistahili kila senti. Nilimtumia yule binti wa wakala picha za kadi za kliniki za watoto. Jioni ile ile akajibu: kwa mtoto wa kati, dozi ya pili ya surua ina muhuri lakini haina tarehe. Nikaichukua kadi ambayo nimeishika miaka sita, nikaisogeza dirishani. Kweli. Muhuri upo, wino umefifia, mahali pa tarehe patupu. Labda nesi aliitwa katikati ya kuandika. Na tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inataka mtoto anayeingia chekechea au shule aonyeshe uthibitisho wa chanjo ya surua, na mwenye miaka miwili au zaidi awe na dozi mbili. Nikarudi kliniki, daftari kubwa likapekuliwa, tarehe ikapatikana, ikaandikwa na kugongewa muhuri mpya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ningeligundulia Leipzig, sijui ningempigia nani.

Ni yeye pia aliyesisitiza vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa vitafsiriwe Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa, siyo na shemeji anayejua Kijerumani kidogo, kama tulivyokuwa tumepanga.

Nyumba nayo ni somo. Nyumba za kupanga kule mara nyingi hukabidhiwa tupu, na tupu yao ni tupu kweli: jikoni hakuna makabati, hakuna sinki, hakuna jiko, na taa zimeng'olewa zikabaki nyaya zinaning'inia darini. Matangazo mawili niliyoyapenda kwa bei yalikuwa ya namna hiyo, na mimi sikuwa nimejua. Kisha kuna kodi mbili. Iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni kodi "baridi", yaani ya kuta tu. Ya pili, "ya moto", imeongeza gharama za kupasha nyumba joto, maji na takataka. Umeme na intaneti kwa kawaida unajilipia juu yake. Ukipiga bajeti kwa ile baridi, mwezi wa kwanza unakuumbua.

Tulipata vyumba vitatu eneo la Plagwitz, jengo la zamani lenye dari refu na sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga. Maelezo ya wakala yalisema "jengo lenye haiba". Haiba yenyewe ni ghorofa ya nne bila lifti, ngazi 81, kama alivyozihesabu kijana wangu akiwa na begi mgongoni. Lakini nyumba ni safi, mwenye nyumba mwungwana, na sufuria zilikuwepo.

Kilichonifanya niseme walistahili zile 650 ni karatasi moja. Ukishahamia una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi wa mji, na tangu Novemba 2015 huwezi kujiandikisha bila fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia kwake. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, jina refu kuliko karatasi yenyewe. Bila kuandikishwa, mambo mengi yanasimama: namba ya kodi ya mapato, kibali cha ukaaji, hata benki nyingi hazikufungulii akaunti. Wapo wenye nyumba za muda mfupi wanaokataa kuisaini, na mpangaji mgeni analijua hilo akiwa ameshalipa. Binti alimtaka mwenye nyumba aikubali kwa maandishi kabla hatujatuma hata senti moja.

Kujiandikisha kwenyewe kulikwenda vizuri, isipokuwa pale afisa alipozipanga pasi zetu tano mezani akawa anazitazama kama karata. Mimi natumia jina la baba yangu. Mume wangu anatumia la ukoo wao. Watoto wanatumia jina la kwanza la baba yao. Familia moja, majina matatu ya mwisho. Binti akasogeza vile vyeti vilivyotafsiriwa, akaonyesha kwa kalamu nani ni nani, dakika ishirini tukawa nje.

Sasa hapo hapo ndipo kampuni ilipoteleza. Walikuwa wamebandika jina kwenye sanduku la barua kabla hatujafika, kazi iliyomo kwenye kifurushi, ila walibandika langu tu, kwa kuwa ndiye niliyesaini mkataba. Ujerumani barua inafuata jina lililo kwenye sanduku. Namba za kodi ya mapato huja kwa posta, kila mtu na barua yake, hata mtoto wa miaka miwili. Yangu ikafika. Nne zikapotea njiani, na sisi tukakaa wiki tatu tukidhani ofisi ina foleni. Jirani wa chini ndiye aliyetuuliza kwa ishara: wengine mnaishi wapi? Nikakata kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi la nafaka za watoto, nikaandika majina yote matatu kwa kalamu ya kijani ya binti yangu, nikakibandika.

Tiketi za treni zilikuwa janga dogo. Mtu wa usafiri alituchukulia tiketi za bei nafuu kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi Leipzig, za kubadilisha treni kituo kikuu cha Frankfurt, na muda wa kubadilisha ni dakika tisa. Dakika tisa! Masanduku saba, kigari cha mtoto, mtoto mmoja amelala, mwingine anataka choo. Tiketi za bei hiyo zimefungwa kwenye treni ile ile uliyochagua. Ukichelewa kwa uzito wa mizigo yako, hasara ni yako. Tulisimama tukiitazama ikiondoka. Tukanunua nauli mpya ya watu wazima wawili palepale. Mtu aliyewahi kusafiri na mtoto hawezi kupanga safari ile.

Tukafika Jumamosi usiku. Kikapu cha makaribisho kilikuwa mezani: tambi pakiti moja, chupa ya sosi ya nyanya, kahawa, chokoleti, na kadi yenye picha ya maua. Hapakuwa na maziwa, mkate wala mayai. Kesho yake Jumapili, na Ujerumani Jumapili maduka yanafungwa, siyo utani. Semina yao ilitumia dakika kumi kutufundisha namna ya kupeana mikono, lakini hili hawakulisema. Mume wangu akapanda tramu hadi kituo kikuu cha treni, ambako baadhi ya maduka hufungua hata Jumapili, akarudi na mifuko miwili na hasira.

Orodha ya mavazi sina haja ya kuirefusha. Ilituambia tununue majaketi mazito kabla ya kusafiri. Tukajaza sanduku zima. Tukatua kwenye joto la Agosti, na baridi ilipokuja tukakuta majaketi mazuri ya watoto yanauzwa mitumba kwa bei ya kutupwa. Kilichohitajika hasa hakikuwemo: suruali ya mpira yenye mikanda ya mabegani, ya kuvaa juu ya nguo ili mtoto acheze kwenye matope, kwa sababu chekechea wanatoka nje hata mvua ikinyesha, na ndara za kuvaa darasani.

Lakini lililoniuma ni la shule. "Maandalizi ya shule" yalikuwa kujaza fomu, na fomu walizijaza sawasawa. Binti yangu wa miaka sita alikuwa anaanza darasa la kwanza. Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya, nikakutana na jirani wa chini kwenye ngazi, mama mtu mzima mwenye mbwa mdogo. Akamwinamia mtoto, akaniuliza swali ambalo nililielewa neno moja tu, Zucker, sukari. Nikajua anaomba sukari. Nikakimbia ngazi zote zile, nikamletea pakiti. Akaitazama pakiti, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa anaulizia Zuckertüte, koni kubwa ya kadibodi, inakaribia urefu wa mtoto mwenyewe, inayojazwa peremende, penseli za rangi na vijizawadi, na kufungwa juu kwa kitambaa na utepe. Mtoto wa darasa la kwanza huipokea siku ya kuingia shule, na pande hizi za jimbo la Saxony sherehe hufanyika Jumamosi, babu na bibi wanakuja, watu wanavaa. Mtoto asiyekuwa nayo anaonekana kama bibi harusi asiye na shela. Jirani alinieleza haya kwa picha za simu yake: wajukuu zake watatu, kila mmoja ameikumbatia ya kwake mpaka uso hauonekani.

Ijumaa jioni akagonga mlango. Ameleta koni tupu ya mjukuu wake, ya bluu, ina roketi. Tukakaa jikoni tunaijaza, yeye akikunja magazeti na kuyasukuma chini kabisa ili isihitaji vitu vingi, ujanja ambao naambiwa kila mzazi anaujua. Roketi ile binti yangu ameitundika juu ya kitanda mpaka leo. Euro 1,900, na mtu aliyemfanya mwanangu asilie Jumamosi ile hakunidai hata ile pakiti ya sukari, alinirudishia.

Mawili ya fedha nimalizie. Walituambia tulipe dhamana ya nyumba yote kwa mkupuo, miezi mitatu ya kodi baridi. Kiasi hicho ndicho kikomo cha sheria, lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mpangaji kulipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Kwa familia iliyokwishatoa nauli za watu watano, fungu ni fungu. La pili, ikaja barua ya kudai euro 55.08 za redio na televisheni. Hatuna televisheni, nikadhani ni matapeli, nikaichana. Kumbe ni mchango wa lazima, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, uwe na televisheni usiwe nayo, na unatozwa kwa miezi mitatu mitatu. Ikaja nyingine.

Nililalamika. Nauli ya treni walinirudishia baada ya barua pepe nne. Kwa kikapu waliniomba radhi. Kampuni naipa nyota tatu kati ya tano. Binti peke yake ningempa tano.

Juni tunaondoka, na wameshatuma tangazo la kifurushi cha kuondoka, euro 400: kutufuta kwenye daftari la wakazi na kutuandikia barua ya kudai dhamana. Kujifuta unaruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka hadi wiki mbili baada yake, na fomu ni ya ukurasa mmoja. Nimeshaijaza, iko chini ya sumaku mlangoni pa friji, inasubiri tarehe.