Kamera ya Super 8 niliyoingoja kwa hamu, na ile barua ya "joto la Afrika"

Nilimwahidi mke wangu sitaandika nikiwa na hasira. Nimeshindwa.

Kamera yenyewe, ya kupiga Super 8, ile filamu nyembamba ya milimita nane inayokaa ndani ya katriji, ni ya karakana moja ndogo ya Ulaya inayounda chache tu kisha inafunga oda. Vipimo vyake mtavikuta kwingine. Niliichagua kwa sababu ile ya Kodak, iliyotangazwa 2016 ikaja kuuzwa 2023, bei yake ilikuwa dola 5,495, na hizo mimi sina. Hii ilikuwa nafuu, ingawa ushuru ulinitoa jasho.

Ikafika harusi ya binamu yangu hapa Pumwani, Nairobi. Bibi na dada yake aliyetoka Lamu walikaa pamoja uani, miaka mingi hawajaonana. Bibi akaitisha pembe, wakaanza vugo, zile nyimbo za harusi za wanawake wa pwani zinazopigiwa pembe, wawili tu, wengine wanaitikia. Nikaweka katriji mpya, nikapiga kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde ili zilingane na sauti niliyokuwa nairekodi kwa simu, maana filamu ya Super 8 yenye sauti haitengenezwi tena. Kwa mwendo huo katriji moja ni dakika mbili na nusu, na zote nilizitumia kwa wazee wale wawili. Mota inanguruma, kihesabu kinasogea. Nikafungua mlango nione lile neno EXPOSED linalojitokeza filamu ikiisha.

Halipo. Filamu haikusogea kabisa! Kihesabu kilikuwa kinafuata mota, filamu imesimama palepale. Vugo ninalo kwenye simu, nyuso sina, na dada yake Bibi ameshasema hawezi tena safari ndefu ya basi.

Niliwaandikia kwa adabu, nikaambatisha picha. Wiki zikapita, jibu likaja mstari mmoja: kamera haikuundwa kwa joto la Afrika, kwa hiyo waranti haihusiki.

Joto lipi? Ilikuwa kipindi cha baridi, Bibi amejitanda shali mbili na watoto wamevaa masweta. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hawakuniuliza hata niko mji gani! Wangesema tu "pole, irudishe tuitazame", ningewasamehe siku ileile.

Nikaipeleka kwa fundi wa saa, mzee mmoja wa River Road. Akaitazama kwa kioo chake, akasema, "Kijana wangu, huu ukucha unaovuta filamu umepinda. Hii imetoka kiwandani hivi." Akaunyoosha nikingoja, shilingi 1,500.

Na hapa lazima niseme ukweli. Katriji niliyopiga baadaye, niliyoipeleka Ujerumani kusafishwa, imerudi na picha zimetulia ajabu. Mkono wa Bibi unageuza mahamri, mafuta yanametameta, punje za filamu zinacheza kwenye moshi. Simu haijawahi kunipa kitu kama hicho. Mtu akitaka kuinunua kwangu leo, siiuzi.

Kwa hiyo nunueni, kamera ni nzuri. Hapana, ngojeni kwanza. Watu wanaojibu mteja vile siwezi kuwapelekea pesa za mtu mwingine. Barua yao ninayo bado, na leo asubuhi Bibi ameniuliza tena, ile filamu yake na dadake iko wapi.